Mke wangu huenda akaongezewa damu na dengi imezagaa: niikatae damu ya benki?

SWALI: Daktari, mke wangu ana ujauzito wa miezi 8 na amepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Tumeambiwa damu iwe tayari kwa sababu anaweza kuvuja sana. Tunapoishi, dengi imezagaa mwezi huu, na nimesoma pia habari za Zika na watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo. Nilipouliza kama damu ya benki hupimwa virusi hivi, nilijibiwa kwamba hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende tu. Nimeingiwa na hofu. Je, niikatae, tuchange sisi ndugu? Mimi mwenyewe ndiye ninayetaka kuwa wa kwanza, ingawa wiki 2 zilizopita nilikuwa na homa. Sasa nimepona kabisa.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu, maelezo yafuate. Usiikatae damu. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na hakuna dawa wala maji ya dripu yanayoweza kushika nafasi ya damu iliyokwisha kumtoka. Hatari ya kupata dengi au Zika kupitia chupa ya damu ipo kweli, lakini ukiilinganisha na hatari ya kuvuja bila kuongezewa, ni ndogo mno. Na kuhusu wewe kuwa wa kwanza kuchangia, jibu ni hapana, kwa sababu mbili tofauti nitakazozifikia.

Aliyekujibu hakukudanganya. Katika sehemu kubwa ya dunia, kila chupa ya damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Virusi vinavyoenezwa na mbu havimo katika orodha hiyo, isipokuwa katika nchi chache na kwa baadhi ya virusi tu. Watu wengi wakisikia hivyo huona ni uzembe. Ni vizuri kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, maana ukielewa utajua pia ni nini cha kuogopa na nini cha kuachana nacho.

Mtu aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi hubaki navyo maisha yake yote. Ukimpima mwaka huu au mwaka kesho, kingamwili zake, yaani walinzi ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, zitamfichua, na kingamwili hizo ni onyo kwamba damu yake haifai. Kwa dengi, Zika, chikungunya na virusi vya West Nile mambo hugeuka juu chini. Virusi hivi ni wapita njia. Huingia, huelea kwenye damu kwa siku chache, mara nyingi chini ya wiki moja, kisha mwili huvifagia. Kingamwili huanza kuonekana wakati virusi vinaondoka. Kwa hiyo ukitumia kipimo cha kingamwili, mara nyingi utamkataa mtu ambaye hatari yake imekwisha pita, na utampokea yule ambaye virusi vimejaa kwenye damu yake leo asubuhi.

Huyo wa leo asubuhi ndiye tatizo, kwa sababu hajijui. Virusi vya dengi huonekana kwenye damu siku moja au mbili kabla homa haijaanza, na watu 3 kati ya 4 wanaoambukizwa dengi hawaugui hata kidogo, au huugua kidogo tu kiasi cha kutojali. Zika nayo ni hivyo hivyo: wengi hawaoni dalili yoyote. Mtu wa namna hii huja kuchangia damu akitabasamu, joto lake sawa, wingi wa damu sawa, shinikizo la damu sawa. Sisi wa benki ya damu tumezoea kumwogopa mchangiaji anayeonekana mgonjwa. Virusi vya mbu vimetufundisha kumwogopa na yule anayeonekana mzima, na mpaka sasa hatujapata njia nyepesi ya kufanya hivyo.

Somo kubwa lilitoka Marekani mwaka 2002. Virusi vya West Nile, ambavyo viligunduliwa mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile huko Uganda, viliingia New York mwaka 1999 na kusambaa kupitia ndege wa porini na mbu. Kiangazi cha 2002 waliugua zaidi ya watu 4,000. Agosti mwaka huo wagonjwa 4 waliopandikizwa viungo kutoka kwa marehemu mmoja wakaambukizwa wote. Wachunguzi walipofuatilia, wakakuta kwamba marehemu yule kabla ya kufariki alikuwa ameongezewa damu iliyotoka kwa wachangiaji zaidi ya 60, na mmoja wao alikuwa na virusi. Uchunguzi ulipopanuliwa, walithibitishwa wagonjwa 23 walioambukizwa kwa kuongezewa damu, kutoka kwa wachangiaji 16. Wachangiaji wote 16 walikuwa na virusi kwenye damu siku ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kingamwili za mwanzo za ugonjwa huo. Kipimo cha kingamwili kingewapitisha wote.

Jambo jingine lililojitokeza katika uchunguzi ule ni hili: walipoulizwa, baadhi ya wachangiaji hao walikumbuka homa, vipele vipya na macho kuuma, siku chache kabla au baada ya kutoa damu. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Marekani ilijibu haraka. Katikati ya 2003 damu yote ikaanza kupimwa kwa njia inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe badala ya kingamwili. Ili kupunguza gharama, sampuli za watu 6 hadi 16 zilichanganywa na kupimwa kwa pamoja. Mwaka ule kati ya Juni na Desemba zilipimwa chupa zipatazo milioni 6, na zikaondolewa 818 zenye virusi. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo wagonjwa 6 bado waliambukizwa, kwa sababu damu yenye virusi vichache ikichanganywa na ya watu wengine 15 isiyo navyo, virusi huzimuliwa mpaka mashine haivioni. Ndipo ukaja utaratibu wa kupima kila chupa peke yake katika maeneo na miezi ambayo ugonjwa umepamba moto. Nakueleza haya yote ili uone kwamba hata nchi yenye fedha na mashine haikufikia sifuri kwa siku moja.

Sasa Zika, maana ndiyo iliyokutia hofu zaidi. Ilipatikana kwanza mwaka 1947 kwa kima aliyefungiwa ndani ya kizimba katika msitu wa Zika nchini Uganda, ikakaa miaka mingi bila mtu kuijali. Ilipozuka katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, katika Bahari ya Pasifiki, damu ya wachangiaji 1,505 ilipimwa kati ya Novemba 2013 na Februari 2014, na 42 wakakutwa na virusi. Hao ni karibu 3 kati ya kila 100, wote wakijisikia wazima wakati wa kutoa damu. Baadaye 11 kati yao walieleza kwamba waliugua siku 3 hadi 10 baada ya kuchangia. Brazili ikaripoti visa vichache ambavyo damu au chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilimfikishia mgonjwa virusi vya Zika. Mwaka 2016 Marekani ikaagiza damu yote ipimwe Zika, na mwaka 2021, ugonjwa ulipopungua kabisa, ikaacha. Sioni aibu kwao kuacha. Kipimo kinachogharimu mamilioni bila kukamata kitu ni fedha iliyoondolewa mahali pengine.

Kwa mke wako, jiulize damu itaingia lini. Chupa nyingi wanazopewa akina mama wanaofanyiwa upasuaji wa kujifungua hutundikwa pale anapovuja, na mara nyingi wakati huo mtoto ameshatolewa na kitovu kimeshakatwa. Virusi vitakavyoingia kwa mama baada ya hapo havina tena njia ya kondo kumfikia mtoto tumboni. Zaidi ya hayo, madhara makubwa ya Zika kwa ubongo wa mtoto hutokea hasa mama anapoambukizwa katika miezi ya mwanzo ya ujauzito. Hofu ya kichwa kidogo, kwa hali ya mke wako na kwa chupa hii unayoiwazia, iweke kando. Hata kunyonyesha, Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee iwapo ana Zika. Kama angehitaji damu sasa hivi, mtoto akiwa bado tumboni, ningekuwa na maneno mengine kidogo: ningeshauri daktari wake aongee na benki ya damu kuona kama inapatikana damu iliyochangwa mahali pasipo na mlipuko. Lakini hata hapo, kama anavuja, isingefaa kumsubirisha.

Dengi ni kitendawili kidogo. Kila mwaka huambukiza mamilioni ya watu, na katika mlipuko lazima baadhi ya chupa za damu ziwe na virusi. Visa vya kuongezewa damu yenye dengi vimethibitishwa Hong Kong mwaka 2002, Singapore na Puerto Rico mwaka 2007, na kwingineko, ila idadi yake ni ndogo kuliko unavyotarajia. Kwa nini? Watafiti waliofuatilia mlipuko wa 2012 huko Rio de Janeiro na Recife, nchini Brazili, walikuta kwamba kati ya wagonjwa wasio na kinga waliopewa damu yenye virusi vya dengi, walioambukizwa ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Na walipowalinganisha na wagonjwa waliopewa damu safi, hawakuona tofauti kubwa ya dalili. Sehemu ya maelezo ni kwamba wengi wanaoishi kwenye dengi wana kinga ya zamani. Sehemu nyingine yaelekea ni mate ya mbu: yanapoingia pamoja na virusi huvitengenezea njia kwenye ngozi, na kwenye chupa ya damu mate hayo hayamo. Kisha kuna ugumu wa kuthibitisha. Mgonjwa akipata homa siku ya 6 baada ya kuongezewa damu, na chumbani kwake kuna mbu, utamshtaki nani?

Chikungunya nayo ilipoenea katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, mwaka 2005 na 2006, karibu theluthi ya wakazi waliambukizwa. Uchangiaji damu ulisimamishwa na damu ikaletwa kwa ndege kutoka Ufaransa. Virusi vyake hujaa sana kwenye damu kuliko vya wenzake, lakini katika mlipuko ule hakuna hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa kuambukizwa kwa kuongezewa damu. (Jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza kitu kinachomkunja mtu, kwa namna maumivu ya viungo yanavyomfanya mgonjwa ajikunje. Ni neno la kijijini lililoenea dunia nzima bila kutafsiriwa.)

Msomaji mwingine aliwahi kuniuliza kama friji haiui virusi hivi. Haiui. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 6 kwa wiki 5 au 6, plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, hugandishwa kwa miezi, chembe sahani hukaa kwenye joto la chumba kwa siku chache. Yote hayo ni mazingira mazuri kwa kirusi kutulia. Vinavyoua virusi ni vitu vingine. Virusi vyote nilivyovitaja vimevikwa utando wa mafuta, na kemikali zinazoyeyusha mafuta huvimaliza, ndiyo maana dawa zinazotengenezwa viwandani kutokana na plazma, kama zile za watu wenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hazinipi wasiwasi kwa upande huu. Kwa chembe sahani na plazma, kuna mbinu ya kutia dawa iitwayo amotosalen halafu kumulika kwa mwanga wa urujuanimno. Vinasaba vya kirusi hufungwa na hakiwezi tena kuzaliana. Réunion iliwahi kuitumia kwenye chembe sahani. Chembe nyekundu ndizo zinazotushinda, kwa kuwa wekundu wao hunyonya mwanga huo kabla haujafika ndani. Na damu atakayohitaji mke wako zaidi ni hizo hizo chembe nyekundu.

Tuje kwa ndugu. Fikra kwamba damu ya nduguyo ni salama kuliko ya mtu usiyemjua ni ya zamani na ina mapenzi ndani yake, lakini kwa virusi vya mbu ni kinyume. Mbu anayeeneza dengi na Zika, Aedes mwenye madoa meupe miguuni, haruki mbali. Kwa kawaida hazidi mita 400 kutoka alipozaliwa. Huuma mchana, huishi ndani na kando ya nyumba, na huzaliana kwenye ndoo, vyungu vya maua na matairi yaliyotupwa. Kama dengi imo mtaani kwenu, ndugu mnaolala nyumba moja au nyumba za jirani mnagawana mbu wale wale. Kikulacho ki nguoni mwako. Chupa kutoka kwa mtu anayeishi mbali na mlipuko ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa safi. Halafu ndugu akiombwa damu mbele ya familia nzima huona haya kusema kwamba juzi alikuwa na homa, au kwamba kuna jambo la siri maishani mwake. Mtu aliyekuja kwa hiari, bila mgonjwa anayemsubiri, husema ukweli kwa wepesi zaidi. Ndugu zako wakitaka kusaidia, waende kuchangia kwa ajili ya benki, wajaze nafasi ya chupa zitakazotumika, na waeleze bila kuficha hali zao.

Wewe hasa, usimchangie mkeo. Sababu ya kwanza haina uhusiano na mbu. Chembe zako zina alama ulizorithi kwa wazazi wako, na mwili wa mke wako unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama hizo akipewa damu yako. Akibeba mimba yako nyingine baadaye, mtoto anaweza kuwa na alama hizo hizo, na kingamwili za mama zikamvunjia chembe za damu akiwa tumboni. Ndiyo maana wataalamu wengi hukataa mume amchangie mke ambaye bado anaweza kuzaa.

Kuna mambo matatu ambayo familia inaweza kuyafanya na yakasaidia kuliko kukataa. Muulizeni daktari mapema kama wingi wa damu wa mkeo unaweza kupandishwa kabla ya siku ya upasuaji kwa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Mwezi mmoja unatosha kuleta tofauti, na chupa salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Mkingeni na mbu mchana, wodini pia, kwa nguo ndefu, dawa ya kupaka ngozini na chandarua hata anapolala saa sita mchana. Uwezekano wa kuambukizwa na mbu kitandani ni mkubwa kuliko wa kuambukizwa na chupa iliyotundikwa juu yake, na mama anayeugua dengi siku za kujifungua anaweza kweli kumwambukiza mtoto. Na kama ataongezewa damu, andikeni tarehe. Homa inayoanza wakati chupa inaendelea au saa chache baadaye ina sababu zake nyingine, nayo inahitaji muuguzi aitwe papo hapo. Homa inayoanza kati ya siku ya 3 na ya 14, ikiwa na kuumwa kichwa, macho, viungo au vipele, rudini hospitalini na mseme wazi kwamba aliongezewa damu na lini. Asimeze aspirini wala ibuprofeni mpaka dengi iondolewe kwenye orodha, kwa sababu dawa hizo huongeza kuvuja damu.

Kusema huko kuna faida ya pili. Kila chupa ina namba, na namba hiyo humrudisha mtaalamu kwa mchangiaji na kwa wagonjwa wengine waliopata plazma au chembe sahani kutoka kwa mchango ule ule. Ni hapa ninapolirudia lile la homa na macho kuuma. Chombo chenye nguvu tulichonacho pasipo na mashine za vinasaba ni simu ya mchangiaji: mtu aliyetoa damu Jumatatu, akashikwa na homa Alhamisi, akapiga simu kusema. Chupa yake ikiwa bado kwenye friji inaondolewa siku hiyo hiyo. Wenzangu wengine huidharau njia hii kwa kuwa haina mashine wala takwimu za kupendeza. Mimi naona ni kosa kuwa mchangiaji hupewa soda na biskuti na kuagwa, bila kuambiwa kwa uzito kwamba kazi yake haijaisha mpaka zipite siku 14.

Na wewe, homa yako ya wiki 2 zilizopita. Hiyo ndiyo sababu ya pili. Kujisikia umepona si kipimo. Kama ilikuwa dengi, nchi nyingi hutaka usubiri angalau wiki 4 tangu upone, nyingine miezi kadhaa, na kwa Zika baadhi ya nchi huweka muda mrefu zaidi. Ukichanjwa homa ya manjano pia subiri wiki 4, kwa sababu chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwaka 2009 iligundulika Marekani kwamba damu ya watu waliochangia siku 4 tu baada ya chanjo ilikipeleka kirusi hicho kwa waliopewa damu yao. Subiri mwezi huu upite, kisha nenda kachangie kwa ajili ya mke wa mtu mwingine. Ukiulizwa kuhusu homa, ieleze yote.